Utepe Uliopashwa Moto

Karani wa stoo alikuwa na tabia ya kuvuta pumzi kwa pua kabla ya kusema neno lolote, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Naanza na pumzi hiyo kwa sababu mashine yake iliinasa vizuri kuliko kitu kingine chochote alichowahi kuilisha.

Mashine yenyewe aliinunua kwa mhandisi Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Lilikuwa sanduku zito la kahawia lenye mpini. Ukifungua kifuniko unakuta magurudumu mawili, moja limejaa utepe mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa, na jingine tupu. Ukiwasha umeme lilinguruma chinichini, na jicho dogo la kijani likafunguka kwa mbele. Sauti ikiingia, jicho linajibana. Ikiwa kubwa kupita kiasi, linafumba kabisa. Kulikuwa na maikrofoni ya kushika mkononi, na waya wake haukuzidi hatua nne. Basi, ni hivyo tu. Mtu mwenye akili angekaa nayo mwezi mmoja akaijua. Karani alikaa nayo mwaka mzima na alichojua ni kuifuta vumbi.

Alikuwa amenasa jogoo wake. Alikuwa amenasa kikohozi chake. Alikuwa amenasa orodha nzima ya vitu vya stoo ya mgodi, akiisoma kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza: misumari ya inchi tatu, misumari ya inchi nne, sabuni ya mche, mafuta ya taa, karai, sepeto. Jumapili wageni walikalishwa kwenye viti vyake vyenye vitambaa vya kufuma, wakapewa chai, wakasikilizishwa misumari. Bibi mmoja muuza maziwa alinaswa sauti yake akarudishiwa aisikie. Akatikisa kichwa.

"Kumbe ndivyo ninavyosema? Basi watu wa kambi hii mna uvumilivu."

Wote walicheka. Karani alidhani wanaishangaa mashine.

Mimi nilikuwa karakana ya mbao, kazi yangu kunoa misumeno. Nilitoka Kharumwa nilikochunga ng'ombe wa baba na kusoma mpaka darasa la nne, nikaja Geita kwa sababu mgodi ulikuwa unaandika watu. Ninaandika polepole kama ninavyonoa, jino moja baada ya jingine, kwa hiyo msomaji anivumilie. Gitaa langu nililinunua kwa mchimbaji Mmanyema aliyechoka nalo. Miaka miwili nilijifunza nyuma ya rundo la magogo ya kushikilia paa la mgodi, uso nimeuelekeza kwenye magogo. Sikuweza kupiga mbele ya macho ya watu. Si kwamba niliogopa kukosea. Ni kwamba mtu akinitazama, vidole vyangu vinakuwa vya mtu mwingine, mtu mvivu asiyenifahamu.

Klabu ya wafanyakazi ilikuwa na bendi: ngoma, tarumbeta, manyanga na magitaa mawili. Mpiga gitaa la pili akahamia Mwanza. Kiongozi wa bendi alikuwa dereva wa lori la mgodi, mtu wa Kigoma, mpole, mwenye mabega kama ya fahali. Aliita vijana wakajaribiwe. Nilikwenda. Niliketi kwenye kiti cha mbele, nikainua macho, nikaona watu thelathini, nusu yao hawana kazi yoyote pale ila kutazama. Mkono wangu ukaganda juu ya nyuzi. Nikaliweka gitaa chini, nikasema naomba kwenda kujisaidia. Sikurudi.

Kesho yake dereva alikuja karakana kushusha magogo.

"Mdogo wangu, jana ulikwenda kukojoa wapi? Runzewe?"

Karakana nzima ilicheka mpaka misumeno ikasimama. Alisubiri wamalize, kisha akainama karibu yangu.

"Juma lililopita nilisikia mtu anapiga nyuma ya magogo haya. Kama ni wewe, nakutaka. Kama ni mwingine, niletee huyo mwingine."

"Ni mimi, kaka."

"Wenzangu hawajakusikia, na neno langu peke yake halitoshi. Jumapili ya tatu tunachagua. Niletee hiyo sauti kwa njia unayoijua wewe, hata ukiibeba kwenye kikapu."

Sauti kwenye kikapu. Nilinoa msumeno mmoja mpaka ukawa mwembamba kama kisu kabla sijaelewa alichoniambia. Palikuwa na kikapu kambini. Bahati mbaya kilikuwa cha karani wa stoo.

Nilikitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nalisema wazi ili ieleweke kwa nini mtu mwenye akili timamu alikwenda kusimama kwenye baraza la yule bwana, kofia mkononi.

"Shikamoo, bwana karani."

Akavuta pumzi. "Marahaba. Stoo imefungwa leo."

"Sikuja kwa ajili ya stoo. Nimekuja kwa ajili ya mashine."

"Mashine ipi? Nina mashine nyingi."

Alikuwa na hiyo moja, na cherehani ya mke wake.

Nilimweleza. Alisikiliza huku akitazama viatu vyangu. Mwishowe akatoa masharti: nimnolee mapanga na visu vyote vya nyumba, niketi pale atakaponiketisha, na sauti yake itangulie ya kwangu kwenye utepe, ili watu wajue kazi imefanywa na nani. Nikakubali yote. Angeniambia nimbebe mgongoni mpaka Shinyanga, kwao Ngokolo, ningekubali pia, na angestarehe njia nzima.

Jumapili ya kwanza alivaa koti. Kwa nini mtu avae koti kunasa sauti ya mtu mwingine, mimi sijui. Aliniketisha katikati ya chumba, akachukua maikrofoni, akaitumbukiza karibu kabisa na tundu la gitaa, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Mashine akaiweka mezani, na mimi nikaegemea meza hiyohiyo. Dirisha lilikuwa wazi, kuku wako uani, majirani wawili wamekuja kutazama. Akavuta pumzi, akajitangaza, akataja cheo chake mara mbili, kisha akanipungia mkono. Jicho la kijani lilifumba nilipogusa uzi wa kwanza na halikufumbuka tena.

Tuliporudisha utepe kusikiliza, maneno yake yalitoka safi pamoja na pumzi. Baada ya hapo ikaja kelele ya kokoto ndani ya debe.

"Gitaa lako bovu," alisema.

Majirani wakaafiki. Hawa ni watu ambao juma lililotangulia walisikiliza misumari ya inchi nne wakasema inapendeza.

Nilikuwa nimefika mlangoni, gitaa limefungwa kwenye shuka, mke wa karani aliponiita kutoka jikoni. Alikuwa mwanamke wa Kahama, mnene, mwenye sauti ya chini. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa.

"Mwanangu, Jumapili ijayo uje asubuhi. Mwenyewe atakuwa kanisani, na baada ya ibada wana kikao cha wazee. Vikao vyao havina mwisho."

"Mama, wewe unaijua mashine?"

"Akienda kazini naiwasha, naimba, najisikiliza, nafuta. Mwaka mzima huu." Akatupa jiwe dogo uani. "Mashine ile ni kama mama mkwe. Inasikia kila kitu ambacho hukutaka isikie. Ukilijua hilo umeijua yote."

Jumapili ya pili nilijifunza mengi kuliko niliyojifunza darasa la nne lote. Tulifunga dirisha, tukatundika blanketi mbili, moja dirishani na moja mlangoni. Kuku walifungiwa. Mashine aliishusha mezani akaiweka sakafuni juu ya gunia, mbali kadiri waya ulivyoruhusu, kwa sababu, alisema, inanguruma na inajisikia yenyewe. Maikrofoni hakuishika mkononi. Aliifunga kwa kipande cha khanga kwenye mgongo wa kiti, akanisogeza mimi, si kuisogeza yenyewe, mpaka ikawa inatazama pale shingo la gitaa linapoingia tumboni, umbali wa mkono mmoja. "Tundu linatoa upepo," alisema. "Usiilishe mashine upepo." Alinivua viatu kwa kuwa nilikuwa napigapiga mguu bila kujua.

Tulijaribu kidogo, tukasikiliza. Chini ya gitaa palikuwa na mlio mzito usiokatika, kama tumbo la ng'ombe. Niliinua kichwa.

"Ni nini hicho?"

"Kinu cha mgodi," alisema.

Kinu kile kilisaga mawe usiku na mchana, nami nilikwisha acha kukisikia tangu mwezi wangu wa kwanza Geita. Mashine haikuwa imekizoea. Hilo lilinitisha kidogo, sijui kwa nini. Tukahamisha kiti kwenye kona ya mbali na kinu, na kwa bahati njema kona ile ilinielekeza ukutani.

"Mimi nitakuwa nyuma yako," alisema, "na nitatazama jicho la mashine, si wewe."

Nikapiga. Wimbo ulikuwa wangu, wa mwendo wa ng'ombe wakirudi, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene na cha shahada kikichezacheza juu. Nilipiga mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliporudisha utepe nikasikia mtu anapiga gitaa, mtu mtulivu asiye na haraka, ambaye ningependa kukaa naye. Kwa dakika zile sikumdharau mtu yeyote Geita. Ziliisha upesi.

Tulibakiza maneno ya utangulizi ya mwenye nyumba mwanzoni, kama masharti yalivyotaka. Nyuma ya wimbo wangu, ndani kabisa ya gurudumu, ilibaki ile orodha ya stoo. Utepe ulikuwa mmoja tu, naye hakutaka misumari yake ifutwe.

Karani alirudi adhuhuri. Alitazama blanketi, akatazama miguu yangu isiyo na viatu, akaketi, akasikiliza akiwa amefumba macho. Wimbo ulipokwisha akavuta pumzi ndefu.

"Sauti imelala."

Ni kweli kwamba sauti ilikuwa laini kidogo kuliko gitaa lenyewe. Mashine zile ziko hivyo. Ungeongeza tu kwa kitufe.

"Imelala," alirudia. "Lakini hili nalijua. Hili ni letu sisi."

Hapa lazima nieleze. Baba yake, huko Shinyanga, alikuwa mtu wa moto katika chama cha ngoma. Vyama viwili vinaposhindana uwanjani, kuna mtu ambaye hachezi wala haimbi. Anawasha mabua pembeni, anazipasha ngoma, anazigeuza, ngozi inakaza, na ngoma iliyokuwa inasema kwa uvivu inaanza kulia. Ni kazi ya heshima na ina ujuzi wake, na nimewaona wanaoijua. Karani aliikimbia kazi hiyo alipopata darasa la nane, na akamcheka baba yake kila alipopata nafasi. Sasa ujuzi wa baba ulimrudia siku hiyo moja, mahali pasipo pake.

Alilitoa gurudumu la utepe kwenye mashine.

"Bwana karani," nilisema, "labda..."

"Labda nini?"

"Labda utepe si ngozi."

"Umesoma darasa la ngapi wewe?"

"La nne."

Alitaka tu nilisikie jibu langu mwenyewe. Akatoka na gurudumu uani.

Ninaweza kuandika kwamba nilimzuia. Nani angebisha? Sikumzuia. Nilisimama kwenye kizingiti, mikono imening'inia, mtu wa miaka kumi na tisa, nikamwona amechuchumaa kwenye jiko la mkaa ameshika gurudumu kwa vidole viwili, analigeuza taratibu, analisogeza, analigonga kwa ukucha na kutega sikio. Aligonga utepe ili asikie kama umekaza! Akaona bado. Akaliegemeza kwenye ukingo wa jiko, akaenda kuvua koti.

Mke wake alitokea na chungu cha maharage.

"Hiki ni nini kwenye jiko langu? Chapati?"

Alilinyakua, lakini gurudumu lilikuwa limekwisha pinda ukingo kama jani la mgomba juani, na mizunguko ya nje ya utepe ilikuwa imejikunja pamoja. Alinitazama mimi kwanza, kisha mume wake. Niliona haya, na kwa mara ya kwanza haya zangu hazikuwa za kutazamwa na watu.

Tulijaribu kuusikiliza. Gitaa langu lilipanda, likashuka, likayumba, likajikwaa, likakaa chini, likainuka, mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.

"Umepashwa sana," karani alisema kwa utulivu wa fundi. "Ngoma iliyopashwa sana huachwa ipoe. Jumapili itakuwa sawa."

Akaufungia kabatini juma zima ili upoe.

Jumapili ya tatu aliingia klabu na koti lake, watu wawili nyuma wamebeba sanduku. Alikuwa amekwisha tangazia kambi nzima, kwa hiyo walikuja wengi kuliko siku ile nilipokwenda kujisaidia. Nilikaa kwenye ukuta wa nyuma. Wanabendi walikuwa kwenye benchi, dereva katikati yao, gitaa la pili limeegemezwa kwenye kiti kitupu.

Karani aliwaeleza watu mashine ni nini. Akaeleza jinsi alivyoninyoosha mimi. Akafungulia. Pumzi yake ilitoka, kisha jina la cheo chake likavutika kama mpira, likazama, likarudi jembamba kama la mtoto. Watu walianza kutazamana. Likaja gitaa langu, mlevi yuleyule, na baada ya juma zima la kupoa hata mlango alikuwa ameacha kuutafuta. Mpiga tarumbeta aliuma midomo. Kisha, kwa kuwa moto haukufika ndani ya gurudumu, sauti ikanyooka ghafla, safi, kubwa, yenye fahari:

"Misumari ya inchi tatu. Misumari ya inchi nne. Sabuni ya mche."

Klabu ililipuka. "Huyu tumchukue!" mtu alipiga kelele. "Anajua misumari!" Mwingine akasema, "Karai lipigwe sasa!" Na mashine, kama iliyomsikia, ikasema: "Karai." Watu walishikana mabega.

Dereva peke yake hakucheka. Alikuwa ananitafuta kwa macho.

Karani alizima mashine. Alisubiri kelele zitulie, hakuona haya hata kidogo, na hiyo ndiyo zawadi aliyonizidi nayo. Akavuta pumzi.

"Jamani, mashine haina kosa. Kosa ni la gitaa la huyu kijana. Ni la mti laini. Sauti yake haikuweza kuvumilia moto."

Nilijua hasira, nilijua aibu. Kilichonijia pale hakikuwa hasira, kilikuwa baridi na kimetulia. Nilimtazama yule mtu na koti lake, mtu aliyepewa sikio lisilochoka akalilisha misumari, aliyekuwa na mke mwenye ujuzi wote jikoni akamwomba chai, aliyemcheka baba yake kisha akamwibia kazi na kuiharibu. Nikaona kwamba huyu ndiye niliyekuwa nimemvulia kofia. Nikamdharau kikamilifu, toka utosini hadi unyayoni, mpaka ndani yangu hapakubaki nafasi ya kitu kingine, hata ya wale watu mia waliokuwa wakinitazama.

Nilikuwa nimefika mbele kabla sijajua. Niliketi kwenye kile kiti kitupu, nikachukua gitaa, nikavua viatu. Macho yangu niliyaweka kwenye pua ya karani. Nikapiga wimbo wa ng'ombe wakirudi, mwanzo hadi mwisho, polepole, kila uzi ukiwa wazi, kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa.

Mpiga ngoma aliingia katikati bila kuombwa. Nilipomaliza, dereva aliwageukia wenzake.

"Huyu ndiye wa nyuma ya magogo."

"Na akitaka kwenda kukojoa?" mpiga tarumbeta aliuliza.

"Tutamsubiri."

Hivyo nikapata kiti. Kila Jumamosi alasiri tunapiga, na watu wanacheza mpaka vumbi linapanda kwenye vioo. Karani haachi kuja. Anakaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, anamwambia aliye jirani yake: "Yule nimemfundisha mimi." Mke wake haji, lakini asubuhi za Jumapili mume akiwa kanisani mimi hupita jikoni kwao, naye huniuliza kama bado navua viatu.

Kuna jambo moja sikumwambia hata yeye. Juma moja karani alilala na homa, kiti chake cha mbele kikawa tupu, na ile pua niliyozoea kuikazia macho haikuwapo. Nikainua macho, nikawaona watu, watu tu, na mkono wangu ukaganda juu ya nyuzi kama siku ile ya kwanza. Dereva alinifunika kwa gitaa lake nyimbo tatu.

Jumatatu nilikwenda kumjulia hali. Nilimpelekea machungwa. Nilimwambia apone haraka, na sijawahi kusema neno kwa moyo mweupe kiasi kile.

Akavuta pumzi. "Umekuja kwa ajili ya mashine?"

"Hapana, bwana karani. Nimekuja kwa ajili yako."

Alifurahi sana, mpumbavu yule.